Cygnus ya mjomba, km 61,000 tu: nianze na belti, haidroliki au tairi?

MtotoWaTegeta
Wakuu, habari za jioni. Nimeachiwa gari na mjomba, Land Cruiser Cygnus, imetembea kilomita 61,000 tu. Ukiwasha inashika mara moja, ngozi ya viti haijapasuka popote. Mwezi ujao nataka kwenda nayo Moshi na familia. Hela niliyonayo inatosha kazi moja kubwa kwa sasa. Nianze na belti ya taimingi, haidroliki ya miguu, ile ya kupandisha na kushusha gari (fundi mmoja anasema ing'olewe, nifunge shokapu za kawaida), au tairi? Au kwa kilomita hizo nimwage oili tu nisepe?

Spana17
Mkuu, umetaja kilomita hujataja mwaka. Ya mwaka gani? Ilikuwa inatembea au imelala? Belti iliwahi kubadilishwa? Risiti zipo? Bila hivyo tunapiga ramli.

Kibajaji
Uza. Chukua IST mbili, moja iingie kwenye teksi za mtandao.

MtotoWaTegeta
Samahani wakuu. Ni ya 2003, mjomba aliiagiza Japani 2010 ikiwa na km 38,000. Tangu apate kiharusi miaka minne iliyopita imekaa chini ya turubai Mbezi, mlinzi anaiwasha kila Jumapili dakika kumi. Belti sijui. Risiti hakuna, mjomba mambo yake yote yalikuwa kichwani.

MzeeWaMnada
Kilomita 38,000 kwa miaka saba Japani? Karatasi ya mnada wa Japani, ile inayoandika kilomita, iko wapi? Angalia raba ya pedali ya breki na mshono wa kiti cha dereva. Mita inachezewa, pedali wanaisahau.

Spana17
Tuchukulie mita ni ya kweli. Bado mpira wake una zaidi ya miaka ishirini. Na huyo mlinzi mwambie aache. Dakika kumi hazitoshi oili ipate joto, unyevu unaotokana na mwako unabaki ndani ya injini na kwenye ekzosi. Ama aiendeshe nusu saa, ama aiache.

Belti: kitabu cha Marekani kinasema maili 90,000, Wajapani wengi wanabadilisha kwenye km 100,000. Hujafika, ila mimi belti ya 2003 siendi nayo hata Chalinze. Na kwenye injini yako, 2UZ, pampu ya maji inazungushwa na belti hiyohiyo, kwa hiyo badilisha belti, pampu, tenshena na rola kwa mkupuo. Vinginevyo utalipa ufundi mara mbili.

MamaWawiliArusha
Naomba nitaje kitu ambacho wote mmekiruka, na mimi kiliniulia injini.

Nyuma ya injini, karibu na ukuta wa dashibodi, kuna viunganishi vya plastiki vyenye umbo la T, vinapitisha maji ya hita. Vikizeeka vinakuwa kama biskuti. Yangu ilikuwa Land Cruiser 100 ya petroli, V8 kama yako, km 80,000 na ushee. Asubuhi nimeitoa gereji moja hapa mjini, jina naliacha. Oili mpya, plagi mpya, wakanipa na karatasi imejaa vema tupu. Tumepita Same, tunakaribia Hedaru, nikasikia harufu tamutamu kama sharubati. Nikatupia jicho mshale wa joto. Uko katikati, halafu ukaanza kushuka. Jamani, nikafurahi! Nikajua gari inapoa. Kumbe maji yameisha yote, sensa imebaki hewani haina cha kupima. Nikaendelea dakika kama sita hivi, mpaka boneti ikaanza kutoa moshi. Kuzima, kuwasha tena, haigeuki. Lori la saruji likatuvuta kurudi Same, watoto wanalia, mume wangu kwenye simu ananiuliza kwa nini sikuangalia mshale. Niliuangalia!

Silinda hedi zote mbili zilipinda. Fundi akanionyesha kile kiunganishi, kimekatika kama chaki. Bei yake haifiki chakula cha mchana cha watu wawili. Weka vya shaba, na hosi zote mpya, kisha ndiyo uongee habari za Moshi.

Mvita4x4
Pole sana dada. Huku kwetu Mombasa hatuanzi na injini, twaanza chini. Ndugu, hiyo Mbezi iko karibu na bahari?

MtotoWaTegeta
Mbezi Beach. Mawimbi yanasikika usiku.

Mvita4x4
Basi lala chini yake na tochi. Angalia chesisi na paipu za breki, chumvi yala kimyakimya. Na mafuta ya breki yabadilishwe yote, yale hunywa maji kutoka hewani hata gari ikisimama.

FundiGerezani
Haidroliki ng'oa. Funga shokapu, kazi imeisha. Mimi nimeng'oa za watu kumi na moja, hakuna aliyerudi.

MamaWawiliArusha
Hawakurudi kwa sababu walihamia kwa fundi mwingine 😂

Spana17
Apime kwanza. Injini ikiwa inaunguruma, ishushe chini kabisa, soma alama kwenye chupa ya mafuta ya haidroliki. Ipandishe juu kabisa, soma tena. Tofauti ikiwa alama kama kumi na nne, mitungi ya gesi ya hiyo haidroliki ni mizima. Ikiwa saba kushuka, imekufa. Tena gari hiyo tayari ina springi nyuma na tosheni baa mbele, ila ni laini kwa sababu haidroliki inasaidia kubeba. Ukiing'oa bila kuzibadilisha hizo, itainama kama punda aliyebebeshwa chokaa. Na asije mtu akakumiminia ATF, mafuta ya giaboksi ya otomatiki, humo.

FundiGerezani
Mnasoma sana mitandaoni. ATF nimeweka, zinatembea.

Spana17
Zinatembea kwenda wapi?

MzeeWaMnada
Mngemshauri atafute ya dizeli tangu mwanzo. Injini ya 1HD haina plagi, haina...

Spana17
Nayo ina belti, mzee. Halafu kaachiwa na mjomba, hakuchagua dukani.

MtotoWaTegeta
Wakuu nimetoka kuiangalia. Haidroliki: kumi. Sasa hapo ni nzima au mgonjwa? Pedali ya breki raba bado ina michirizi. Tairi pembeni zimeandikwa 1410, ila kashata (meno ya tairi) zimejaa kabisa, kama mpya.

Spana17
Kumi ni ya kuendelea kutumia. Hizo tairi ni za wiki ya 14, mwaka 2010. Usifike nazo hata Kibaha.

MtotoWaTegeta
275/60R18 nne nimeuliza bei, zinakula hela yote. Belti je?

FundiGerezani
Njoo Gerezani tuongee.

Kibajaji
Panda basi.

BabaJunior_Dom
Wakuu samahani kuingilia uzi wa watu. Nina Vanguard inaacha tone la oili kila asubuhi upande wa abiria. Ni sili au nini?

MzeeWaMnada
Ya mwaka gani?