Naomba ushauri: malaria kali, kulazwa siku moja, na karatasi ya kuruhusiwa isiyosema kitu

Habari za kazi, wakuu. Sindano za artesuneti (dawa ya malaria kali) saa 0, 12 na 24 hazitusumbui wodini. Shida inaanzia mlangoni, mgonjwa anaporuhusiwa. Mgonjwa akimeza bila kutapika, bado anadaiwa ALu (dawa mseto ya vidonge vya malaria) dozi 6: mtu mzima vidonge 4 kila dozi, jumla 24, ya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni, pamoja na chakula chenye mafuta. Homa ikishuka, wengi huacha pakiti nusu. Je, dozi ya kwanza mnampa palepale mkimwona anameza?

La pili linaniuma zaidi. Baada ya artesuneti, chembe nyekundu za damu zinaweza kuvunjika kuanzia siku ya 7, mtu yuko kijijini. Mkojo unakuwa mweusi kama kahawa, macho manjano, akipanda ngazi anahema. Ndugu wanadhani malaria imerudi, wanamnunulia ALu nyingine. Karatasi imeandikwa "arudi akizidiwa" basi. Wenzangu, tarehe za kupima himoglobini, yaani wingi wa damu (siku ya 7, 14, 28), mnaziandika wapi ili zisomeke hata zahanati? Na asipotokea, nani anampigia simu?