Anayeomba umeya anasema ataleta ajira: zitoke fungu gani?

Mleta mada, Buguruni

Wakuu, salaam. Kila baraza jipya la madiwani likikaribia kukaa hapa Dar es Salaam, wanaotaka umeya huanza kuzungumzia ajira za vijana kana kwamba ziko stoo zinasubiri kugawiwa. Mimi nasema mgombea akitaja ajira bila kutaja fungu zitakakotoka, tusimpokee. Leteni hoja, hata za kunipinga.

Tuanze na alichonacho meya na asichonacho. Meya hatumpigii kura sisi, anachaguliwa na madiwani wenzake. Mkurugenzi wa halmashauri, ambaye ndiye afisa masuuli, yaani anayeidhinisha matumizi ya fedha, anateuliwa na Rais. Barabara nyingi za mitaa ziko TARURA, wakala wa Serikali wa barabara za mijini na vijijini, tangu 2017. Kodi ya majengo hakusanyi meya, tangu 2021 tunakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Maji ni DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar. Basi mgombea akikuambia atashusha nauli ya mwendokasi, yaani mabasi ya njia maalumu, msimamishe hapohapo umuulize kwa mamlaka ipi.

Ila hayuko mikono mitupu. Ni mwenyekiti wa Kamati ya Fedha na Uongozi, na hapo panapita mambo matatu yanayogusa mkono wa mtu kwenda kinywani. Kwanza asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayotolewa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Pili, sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 ya zabuni kwa makundi maalumu, vikiwemo vikundi vya vijana na wanawake. Tatu, wapi mmachinga apange bidhaa zake.

Hili la tatu naliongea kwa uchungu, mnivumilie. Nilikuwa nauza viatu vya mitumba kando ya barabara. Ilipofika Oktoba 2021, wakati machinga tunaondolewa barabarani, nilipangiwa meza kwenye soko moja la pembeni. Meza ilikuwa imara, ina namba ya rangi nyekundu, bati juu, choo kipo. Siku ya kwanza niliuza jozi moja, na aliyenunua ni mama lishe wa meza ya jirani, naamini alinihurumia. Mteja wa kiatu cha mtumba hafungi safari kukitafuta. Anashuka daladala, anakiona, anainama, anakunja soli kuona kama imekauka, anauliza bei. Kituo cha daladala kikiwa mbali na meza, huyo mteja hayupo. Nilipotimiza miezi mitatu pale nilikuwa nadaiwa ushuru wa meza ambayo hainilishi, na nusu ya tuliopangiwa pale tulisharudi barabarani kukimbizana na mgambo.

Machinga Complex pale Karume tuliiona wote. Jengo la ghorofa, mkopo wa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), halafu vizimba vya juu vikakaa miaka bila watu kwa sababu mnunuzi hapandi ngazi kutafuta soksi. Mgombea umeya wa kweli aje na ramani, aonyeshe kituo cha daladala kiko wapi na soko liko wapi.

Mchangiaji, Temeke

Mkuu, unajichosha. Meya amevaa joho na mkufu tu, kalamu anayo mkurugenzi. Tudai meya achaguliwe na wananchi, mengine yatafuata yenyewe.

Mchangiaji, Dodoma

Kaka, pole kwa yaliyokupata. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama, tunashona sare za shule. Nataka nikuongezee kwenye ile asilimia 10, maana umeipita haraka.

Sisi tulianza kufuatilia mkopo, tukaandika katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao, barua ya mtendaji wa kata, tukafungua akaunti, tukaenda kwa afisa maendeleo ya jamii mara sita. Kabla hatujapata, Aprili 2023 Serikali ikasitisha mikopo nchi nzima. Sababu tuliielewa: ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, zilionyesha mabilioni hayajarejeshwa, na vikundi vingine vilikuwa vya karatasi tu. Lakini sisi wenye vyerehani tuliadhibiwa pamoja na wasio navyo. Iliporudi 2024, utaratibu umebadilika, tukaanza upya kuandika yaleyale.

Kwa hiyo mimi swali langu kwa mgombea ni dogo. Je, atabandika kwenye mbao za matangazo za kata majina ya vikundi vyote vilivyopata mkopo na kiasi? Mtaani tunajuana. Kikundi hewa hakiwezi kupita mbele ya macho ya majirani.

Na kuhusu masoko, si kila mahali wamekosea. Soko la wazi la machinga hapa kwetu, barabara ya Bahi, liko karibu na katikati ya mji na watu wanaingia. Kumbe inawezekana.

Mchangiaji, Nairobi

Ndugu zangu, ruhusa nichangie kutoka ng'ambo ya mpaka. Huyo wa Temeke anaamini kura ya moja kwa moja ndiyo dawa. Sisi tulikuwa na meya wa kuchaguliwa na madiwani mpaka 2013, kisha tukaanza kumchagua gavana wenyewe. Ninashukuru kwa haki hiyo, siwezi kuirudisha. Lakini kanjo, askari wa kaunti, bado wanakimbiza wachuuzi.

Na kuhusu zabuni: sisi pia tuna asilimia 30 ya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Tenda unaweza kuipata. Shida ni kulipwa. Kaunti yetu ndiyo inayotajwa kila mwaka kwa madeni makubwa ambayo haijawalipa waliofanya kazi. Kijana anakopa kununua vifaa, anamaliza kazi, anasubiri mwaka, wa pili, wenye deni wanambebea hata televisheni. Muulizeni mgombea wenu atalipa baada ya siku ngapi.

Mchangiaji, Temeke

Sawa, nimekusoma wa Nairobi. Ila angalieni New York. Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, alishinda umeya Novemba 2025 kwa kuwaendea watu na bei ya chakula, kodi ya nyumba, mshahara wa chini wa dola 30 kwa saa ifikapo 2030. Alilazimika kuongea hivyo kwa sababu mpiga kura wake ni mwananchi. Wa kwetu mpiga kura wake ni diwani, ataongea lugha ya diwani.

Mleta mada, Buguruni

Wa Temeke, hapo umenigusa, na sipingi meya achaguliwe na wananchi. Ningepanga foleni ya kwanza. Lakini hata mfano wako unarudi kwenye swali langu: mshahara wa chini New York unapangwa na sheria ya jimbo, meya hawezi kuupandisha peke yake, lazima akawashawishi watunga sheria wa jimbo kule Albany. Waliompigia kura walikuwa na haki ya kumuuliza atawashawishije. Na sisi tunayo haki hiyo leo, kabla Katiba wala sheria yoyote haijabadilika, kwa sababu diwani atakayempigia meya kura tunamjua na tunajua anapokaa.

Dada wa Dodoma, nakubali niliipita asilimia 10 haraka, na ninakuibia hoja yako ya mbao za matangazo. Ningeongeza kiasi kilichorejeshwa, kila robo mwaka. Kikundi kinacholipa vizuri kijulikane nacho.

Wa Nairobi, hilo la malipo sikuwa nimelifikiria kabisa, na limenikosesha usingizi jana. Tulikuwa na vijana watano hapa mtaani wanajiandaa kusajili kikundi kwenye NeST, mfumo wa Serikali wa zabuni mtandaoni, wapate zabuni ya usafi, na mmoja anataka kuuza pikipiki yake anunue vifaa. Nimemwambia asiuze kwanza. Jumapili tunakwenda wote kwa diwani wetu. Tutamuuliza ni nani anafagia soko letu kwa sasa, mkataba wake ni wa shilingi ngapi, na mara ya mwisho alilipwa lini. Akijibu, nitaleta majibu hapa kama yalivyo.