Volkswagen Beetle ya 1972 inazima ikipata joto: je, ni distributa (kigawa umeme wa plagi)?

Mwenye gari, Kirumba:
Ndugu mafundi, gari langu linawaka vizuri asubuhi, lakini likipanda kilima cha Bugando hapa Mwanza linakosa nguvu, linazima, na haliwaki tena mpaka lipoe. Nimebadilisha plagi zote nne bila mafanikio.

Fundi, Igoma:
Shikamoo mzee. Ninashuku kondensa kwanza, yaani kile kifaa kidogo cha kuhifadhi umeme kando ya distributa, kwa kuwa ikichoka hushindwa kazi joto linapopanda, kisha hurudi ikipoa. Fungua kifuniko cha distributa utazame platini, yaani vile vipande viwili vinavyokutana na kuachana ili kukata umeme. Ukizikuta zimeungua au zina vishimo, badilisha platini na kondensa kwa pamoja, kisha pima kwa geji uwazi wa milimita 0.4 platini zikiwa zimeachana kabisa. Baada ya hapo ni lazima urekebishe taimingi (wakati plagi zinapotoa cheche), kwa sababu uwazi ukibadilika, nayo hubadilika. Koili, inayokuza umeme wa plagi, pia huweza kuleta dalili hizo hizo.

Jirani, Capri Point:
Kagua na kifuniko chenyewe. Huku ziwani unyevu huingia ndani, na ufa mwembamba kama unywele hupitisha umeme usikotakiwa.

Mwenye gari, Kirumba:
Marahaba, fundi. Kifuniko ni kizima, ila platini zimeungua kweli. Ninatafuta kondensa leo.