Naomba ushauri: Kant nianze na kitabu kipi?

Wakuu, habari za jioni. Niko Masasi, Mtwara, nafundisha sekondari. Falsafa najisomea tu mwenyewe. Nataka kumwelewa Kant, yule mwanafalsafa Mjerumani, ila kitabu chake Critique of Pure Reason cha 1781 kinanitoa jasho, sentensi moja inakula nusu ukurasa! Nasikia hata watu wa enzi zake walilalamika, ndipo mwaka 1783 akatoa Prolegomena, kifupi zaidi, na humo anakiri kwamba Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, ndiye aliyemwamsha kutoka usingizi wa kukubali mambo bila kuhoji. Je, nianze na hicho kifupi, au nitapata picha nusunusu? Na Hume nimsome kwanza? Vitabu huku naagiza Dar, vinakuja kwa basi, vyote kwa mpigo siviwezi. Mliopita njia hii, kipi kitangulie?