Naomba ushauri: nianze benki au nianze kutafuta nyumba?

Mama Naima
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni muuguzi, mtumishi wa umma hapa Dar. Mshahara wa msingi 1,500,000. Mume wangu ana duka la vifaa vya ujenzi. Tumepanga miaka 11 na kodi haishikiki. Wiki tatu sasa dalali ananitembeza: Goba, Madale, Kinyerezi. Goba kuna nyumba ya vyumba vitatu nimeipenda sana, bei milioni 95. Dalali anasema wapo wengine wawili wanaitaka, nitoe advansi milioni 2 wiki hii, mkopo wa benki utafuata. Akiba yetu ni milioni 14. Nitoe?

Fundi Bomba
Usitoe.

Mhasibu Mstaafu
Dada, leta karatasi yako ya mshahara tupige hesabu. Kwa mtumishi wa umma, makato yote yakishatoka lazima ibaki theluthi moja ya mshahara wa msingi. Kwako ni 500,000. Sasa toa PSSSF (mfuko wa pensheni) 75,000, NHIF (bima ya afya) 45,000, kodi ya mshahara 255,500. Kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya wanafunzi na hujamaliza kuulipa, 15% ni 225,000 nyingine. Unabaki na 899,500. Ukitenga ile theluthi, rejesho lako la mwezi haliwezi kuzidi 399,500.
Tuchukue riba ya 15% kwa miaka 15: kila milioni moja inakudai kama 14,000 kwa mwezi. Maana yake mshahara wako peke yake unabeba milioni 28 na kidogo.

Mama Naima
Nimeisoma mara tatu. Bodi bado nadaiwa 1,850,000. Je, nikivuta muda hadi miaka 20?

Mhasibu Mstaafu
Nafuu yake ni ndogo: 14,000 inashuka hadi 13,200 hivi, halafu unalipa miaka mitano zaidi. Kinachokubana ni Bodi. Ile milioni 2 anayoitaka dalali inamaliza deni hilo lote. Likiisha, 225,000 inarudi mkononi na uwezo wako unafika karibu milioni 44. Anza hapo, tafadhali.

Kijana wa Mbagala
Na mumewe je? Wakiomba pamoja si itaongezeka?

Bi Zuhura
Benki nyingi zinakubali wanandoa waombe pamoja, lakini biashara inapimwa kwa karatasi: TIN (namba ya mlipakodi), leseni, hesabu za kodi, na taarifa ya akaunti ya miezi kadhaa. Mauzo yanayoishia kwenye droo hayaonekani. Dada, mumeo aanze leo kupeleka mauzo ya duka benki.
Halafu nikueleze yaliyonipata. Ofisa mikopo aliniangalia mshahara akaniambia kwa mdomo, "Unafika milioni 70." Nikaenda kutoa advansi nikiwa na furaha yangu. Nyaraka zilipopitiwa ikashuka hadi 41, kwa sababu nilikuwa na mikopo miwili ya simu niliyochelewesha, na taarifa zake zilikuwa tayari kwenye kanzidata ya wakopaji. Muuzaji hakunirudishia hata senti. Makadirio ya mdomo ni mazungumzo tu. Peleka nyaraka zote, wazipitie, wakupe barua yenye kiasi na muda wa kuisha. Ukiwa na barua hiyo ndipo utembee na dalali.

Fundi Bomba
Pia uliza hati kabla ya kuuliza vyumba. Kama hiyo ya Goba ina karatasi ya mauziano yenye mhuri wa serikali ya mtaa tu, benki haitaikubali kama rehani hata ungekuwa na mshahara wa waziri. Ikiwa na hati miliki, linganisha jina lililomo na kitambulisho cha anayeuza.

Mama Naima
Nilimwuliza hati, akajibu "inashughulikiwa." Sikujua uzito wa jibu hilo. Asanteni, kweli. Jumatatu naenda Bodi, kisha benki na mume wangu. Nitaleta mrejesho.

Bi Zuhura
Kwenye ile akiba tenga pia ya mthamini, mwanasheria, bima na ushuru wa stempu, maana benki haitatoa bei yote. Sehemu ya bei utaitoa wewe. Na barua ikitoka usimwonyeshe dalali kiasi kilichoandikwa. Akikiona, kila nyumba atakayokupeleka itakuwa na bei hiyo hiyo.