Naomba ushauri: nianzie wapi kusoma fizikia ya mesoni?

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nipo Tanga mjini, nafundisha fizikia kidato cha tano na sita. Natamani sana uzamili kuhusu protoni zinavyotoa mesoni (chembe za muda mfupi zinazozaliwa kwenye migongano) zikipigwa na fotoni, yaani chembe za mwanga, zilizopolaraizwa.

Kule Jefferson Lab, maabara ya fizikia ya Marekani, elektroni hupitishwa kwenye kipande chembamba cha almasi, zikatoa fotoni ambazo uga wao wa umeme hutikisika zaidi kwenye bapa moja (ndiyo maana ya kupolaraizwa). Fotoni ikigonga protoni ya haidrojeni kimiminika, huweza kuzaliwa pioni isiyo na chaji, ambayo ni aina ya mesoni, nayo huvunjika papo hapo kuwa fotoni mbili. Ukihesabu pioni hizo kwa kila pembe kuuzunguka mwale wa fotoni, idadi hupanda na kushuka kwa kosaini ya mara mbili ya pembe hiyo. Ukubwa wa kupanda na kushuka huko hufichua hali za msisimko za protoni (hali zake zenye nishati ya juu zaidi) ambazo kuhesabu pioni zote kwa jumla huzifunika. Jambo hili limenikaa moyoni kweli.

Sasa, fizikia ya kwanta niliyosoma chuo ni ya juu juu. Nianze na nadharia ya mtawanyiko (jinsi chembe zinavyogongana na kutawanyika), au nijifunze kwanza ROOT, ile programu ya bure ya CERN, maabara ya fizikia ya chembe ya Ulaya, nichambue data za kuiga kwenye laptop? Na kama kuna aliyeomba nafasi Mainz au Bonn, Ujerumani, ambako nako wanafanya majaribio haya, walimtaka awe na nini? Ada siiwezi, nategemea ufadhili.