Bwana yule ameizima filamu katikati na kuiita katuni ya wavivu!

Wanajukwaa, nyote mnamfahamu, kwa hiyo jina lake silitaji. Usiku huu, mbele ya wageni niliowaalika mwenyewe, ameizima Sky Captain and the World of Tomorrow pale pale maroboti yanapotua katika mitaa ya New York, akatangaza kwa sauti iliyosikika hadi wilaya ya jirani kwamba hiyo ni katuni ya wavivu.

Wavivu! Mwongozaji wake, Kerry Conran, alijifungia nyumbani na kompyuta yake kwa miaka 4 ili apate dakika 6 za majaribio, na ni dakika hizo zilizomfungulia mlango wa filamu nzima ya mwaka 2004, ambamo Jude Law na Gwyneth Paltrow waliigiza mbele ya mapazia ya buluu huku karibu kila jengo, ndege na wingu vikiongezwa baadaye. Ule ukungu na zile nyuso zinazong'aa ni kusudi lake, kwa kuwa alitaka ladha ya filamu za mfululizo za miaka ya 1930. Naye akazima! Maroboti yanatua, rimoti i mkononi mwake, akazima!

Basi na aitukane King Kong ya 1933, ambayo sokwe wake alikuwa mwanasesere aliyesogezwa kidogo kidogo, picha baada ya picha, na msitu wake ulichorwa juu ya vioo.

Mchangiaji wa 1: Pole sana, mkuu. Mtu wa namna hiyo hastahili hata kuonyeshwa tangazo la sabuni.

Mchangiaji wa 2: Mleta uzi, umetueleza kuzimwa kwa filamu kuliko filamu yenyewe. Mwanasesere wa Kong alikuwa na uzito unaoonekana machoni, lakini maroboti ya Conran yanaelea kama moshi. Mimi ningezima mapema zaidi.

Mleta uzi: Alizima maroboti yakitua! Hilo hulijibu.

Mchangiaji wa 3: Kinachoniudhi mimi ni mwigizaji Laurence Olivier, aliyefariki mwaka 1989, kurudishwa katika Sky Captain kwa picha zake za zamani ili awe adui mkuu. Marehemu hakuulizwa.

Mchangiaji wa 4: Afadhali hilo. Kwetu kuna ndugu anayezivuta filamu za zamani zijaze kioo chote, hata Kong anaonekana ametandikwa chini kama mkeka. Huyo naye afunguliwe uzi wake.

Mchangiaji wa 1: Ufungueni haraka, na mimi nina wangu anayezitia rangi.